Taa ya Injini Inayorudi: Usiifute Tu, Iandikie Daftari

Ndugu msomaji, umewahi kupanda lori ukaona mbele ya dereva taa ndogo ya manjano yenye picha ya injini? Ukimwuliza dereva maana yake, huenda atakujibu: "Achana nayo, hiyo huwaka na kuzimika yenyewe." Leo tutajifunza habari za taa hiyo. Tutaona kwa nini huzimwa kisha ikarudi, na jinsi kalamu na daftari vinavyoweza kuokoa fedha nyingi.

Lori la wakulima wa nyanya

Kikundi kimoja cha wakulima karibu na Ilula, mkoani Iringa, kina lori la dizeli la tani 4. Lori hilo hupeleka nyanya na vitunguu Dar es Salaam. Likirudi hubeba mbolea na mabati. Kazi yote ya kikundi inalitegemea, maana nyanya haingoji mtu. Ikivunwa leo na lori likalala wiki nzima gereji, hasara ni ya mkulima.

Siku moja lori lilikuwa linarudi na mzigo wa mbolea. Katikati ya mlima Kitonga taa ya injini ikawaka. Lori likakata pumzi, likawa linapanda kwa gia ya kwanza kama mzee mwenye pumu. Dereva akaegesha, akazima injini, akapumzika. Alipowasha tena, lori likavuta vizuri kabisa. Baada ya siku chache taa nayo ikazimika.

Safari nyingine mambo yakawa yale yale. Lori likapelekwa kwa fundi. Fundi akachomeka mashine ya kupimia, akaifuta taa, akasema, "Tayari, mzee." Safari iliyofuata ikawaka. Fundi akabadili filta ya dizeli. Ikawaka. Akabadili filta mara ya pili. Ikawaka tena! Hapo fundi akasema pampu kubwa ya dizeli imekufa, inunuliwe mpya. Bei yake ilikuwa karibu akiba yote ya kikundi.

Mkutano ukaitwa. Mimi nilikuwapo, maana nilialikwa kama mwalimu wa kisomo. Mweka hazina, mama mmoja mtu mzima, akasimama akauliza:

"Baba dereva, taa hii huwaka wapi, na wakati gani?"

"Huwaka tu, mama. Nadhani ni mafuta ya mjini. Nikijaza kule ndipo inawaka."

"Una hakika? Umeandika popote?"

Dereva akanyamaza. Hakuna aliyekuwa ameandika hata mstari mmoja. Basi ikakatwa shauri kwamba pampu isinunuliwe kwanza. Taniboi, kijana aliyemaliza kisomo, akapewa daftari na kalamu. Akaambiwa aandike kila safari.

Taa hiyo inasema nini?

Injini za dizeli za zamani hazikuwa na kompyuta. Malori mengi ya siku hizi yanayo. Kompyuta hiyo hupata habari kutoka kwa sensa, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, hewa, msukumo wa dizeli na mengineyo. Kipimo kikitoka nje ya mpaka wake, kompyuta huwasha taa, kisha huandika namba katika kumbukumbu yake. Fundi akichomeka mashine huisoma namba hiyo.

Namba ya lori letu ilikuwa P0087. Maana yake ni kwamba msukumo wa dizeli katika bomba linalolisha nozeli uko chini mno. Malori makubwa mengine hutumia tarakimu tupu bila herufi, lakini kazi ni ile ile.

Sasa tazama vizuri. Namba haikusema "pampu imekufa". Ilisema msukumo ni mdogo. Msukumo unaweza kupungua kwa sababu nyingi: tenki chafu, bomba lililobanwa, filta iliyoziba, hewa inayoingia kwenye bomba, pampu iliyochakaa, au nozeli zinazovuja. Ni kama mgonjwa anayemwambia daktari, "Kichwa kinaniuma." Amesema kweli, lakini hajataja ugonjwa. Namba hutaja maumivu, haitaji ugonjwa.

Kwa nini kufuta si kutengeneza

Fundi akifuta taa, ametoa maandishi tu. Kilichosababisha taa kuwaka bado kimo ndani ya gari. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Tena kufuta kunapoteza ushahidi. Katika magari mengi, taa inapowaka kompyuta huhifadhi pia hali ya injini kwa wakati ule: ilikuwa inazunguka kwa kasi gani, ilikuwa na joto kiasi gani, ilikuwa inavuta mzigo au la. Fundi akifuta kabla ya kusoma habari hizo, ametupa barua bila kuifungua. Hata kuchomoa betri kunaweza kufuta habari hizo katika baadhi ya magari.

Na taa ikizimika yenyewe, usifurahi mapema. Kompyuta huizima kama kosa halikuonekana katika safari kadhaa. Hilo halina maana kwamba gari limepona.

Daftari la taniboi

Taniboi aliandika hivi:

Safari ya 1. Kwenda Dar. Nyanya. Tunashuka Kitonga. Taa haikuwaka.

Safari ya 2. Kurudi. Mafuta ya Morogoro. Mbolea, mzigo kamili. Katikati ya Kitonga taa imewaka, nguvu zimeisha. Injini haikuchemka. Tumepumzika dakika 20, nguvu zimerudi.

Safari ya 3. Kurudi. Mafuta ya Dar. Gari tupu. Tumepanda Kitonga. Taa haikuwaka.

Safari ya 4. Kubeba mahindi hapa hapa kijijini. Mafuta ya Ilula. Mzigo kamili, mlima mrefu wa shambani. Taa imewaka. Tumepumzika, nguvu zimerudi.

Hebu soma tena mistari hiyo polepole. Je, kosa ni la mafuta ya mjini? Hapana. Safari ya 3 yalikuwa mafuta ya Dar na taa haikuwaka. Safari ya 4 hayakuwa ya mjini, nayo taa iliwaka. Je, ni Kitonga? Hapana, maana iliwaka hata shambani. Kitu kilichofanana katika safari ya 2 na ya 4 ni kimoja: mzigo kamili na mlima. Yaani injini ilipotaka dizeli nyingi, haikuipata. Ilipozimwa ikapumzika, dizeli ikapita tena.

Dereva alikuwa amekosea, lakini si kwa uongo. Kwa kuwa mlima na mzigo vilimjia kila mara akitoka mjini, alidhani mji ndio wenye kosa. Kumbukumbu ya kichwani hushika jambo moja na kuacha mengine. Daftari hushika yote.

Fundi afuata njia ya dizeli

Daftari likapelekwa kwa fundi. Alilisoma, akakuna kichwa. Akakumbuka kwamba filta alizotoa hazikuwa chafu. Akasema, "Basi tuanzie kwenye tenki, tufuate dizeli inakopita."

Kwanza akalishe injini kutoka kwenye dumu safi lililofungwa imara, badala ya tenki. Bomba la kurudisha dizeli nalo akaliingiza katika dumu hilo. Wakapanda mlima wa shambani na mzigo kamili. Taa haikuwaka! Kumbe pampu ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa nyuma, kwenye tenki au bomba lake.

Tenki likafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kiroba, ukubwa wa kiganja. Injini ilipovuta kwa nguvu, kiroba kilinaswa kwenye mdomo wa bomba la kunyonya, kikaziba njia. Injini ilipozimwa, kiroba kiliachia kikaelea zake. Ndiyo maana kila lilipofika gereji lori lilikuwa zima.

Kiroba kilitoka wapi? Taniboi akakumbuka. Katika ghala la kikundi kuna pipa la dizeli ya akiba, na kifuniko chake kilikuwa kinakazwa kwa kipande cha kiroba. Siku moja walimimina dizeli usiku, bila chujio.

Kikundi kilimlipa fundi kazi ya kusafisha tenki. Pampu mpya haikununuliwa. Siku hizi pipa lina kifuniko kizuri, na dizeli humiminwa kwa chujio.

Kumbuka kwamba si kila taa inayorudi ina kiroba tenkini. Mara nyingine ni maji ndani ya dizeli, mpira wa hewa ya turbo uliolegea, waya uliochubuka, au masizi yaliyoziba njia za moshi. Malori yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi yanahitaji safari ndefu ili masizi yaungue. Yakienda safari fupi fupi tu, taa inaweza kurudi tena na tena. Dawa ni tofauti, lakini njia ya kutafuta ni ile ile.

Ukiona taa imewaka

1. Punguza mwendo. Tazama geji ya joto na taa nyingine. Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, simama mahali salama, uzime injini mara moja.

2. Kama ni ya manjano peke yake na gari lina nguvu, endelea taratibu, upange kwenda kwa fundi. Kama nguvu zimepungua, usililazimishe gari.

3. Ukisimama mlimani, weka pembe tatu za tahadhari, na vigingi kwenye matairi. Ukiondoka usiache mawe barabarani. Jiwe ulilosahau linaweza kumwua mwenzako usiku.

4. Andika: tarehe, mahali, mzigo, mlima au tambarare, mafuta yalijazwa wapi, moshi wa rangi gani, gari lilifanyaje.

5. Kwa fundi, mwambie asome namba na hali ya injini kabla ya kufuta. Nawe uandike namba hiyo.

6. Fundi aanze na vitu rahisi: tenki, mabomba, filta, waya. Kifaa cha bei kubwa kiwe cha mwisho, tena kipimwe kwanza.

7. Usipapase kwa mkono bomba la dizeli linalovuja injini ikiwa inawaka. Msukumo wake unaweza kuzidi ule wa tairi la lori kwa zaidi ya mara 100. Dizeli hupenya ngozi kama sindano. Ikikupata, nenda hospitali upesi, hata kama tundu ni dogo na haliumi.

Ndugu msomaji, labda wewe huna lori. Lakini kijiji chako kina mashine ya kusaga, au pampu ya maji, au pikipiki. Kosa linalorudi halitaki hasira, linataka kuandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali

1. Namba P0087 ilisema nini? Ni jambo gani haikulisema?

2. Kwa nini dereva alidhani mafuta ya mjini ndiyo yenye kosa? Safari zipi zilionyesha kuwa sivyo?

3. Dumu la dizeli lilimsaidiaje fundi?

4. Taja hasara mbili za kufuta taa kabla ya kusoma habari zake.

Kazi ya kufanya

Chagua chombo kimoja cha kijijini kwenu kinachosumbua mara kwa mara. Kwa muda wa mwezi mmoja, andika kila kinapokataa kazi: siku, saa, na kilikuwa kinafanya nini. Kisha someni maandishi hayo pamoja na wenzako na fundi. Kuna jambo gani linalofanana?