VIRUSI YA KOLERA INAAZIMA JEMBE LA BAKTERIA



Hapa Kiringye, sawa na Uvira, kila mtu anajua kolera inatoka katika maji machafu. Ni kweli. Lakini sumu yenyewe inatoka wapi? Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Marekani, Waldor na Mekalanos, walionyesha kwamba jeni za sumu ni za virusi moja, jina lake CTX, iliyoingia katika ADN ya bakteria na kukaa humo. Bakteria isiyo na jeni hizo haileti ile kolera ya kuua.

Sasa, kuingia katika ADN ya mwingine ni lazima kukata na kuunga. Kazi hiyo inafanywa na enzimu, na kila enzimu inatoka kwa jeni yake. Bakteria iko na jeni recA ya kutengeneza ADN iliyokatika. Iko pia na xerC na xerD, za kutenganisha kromozomu zilizoshikana wakati seli inagawanyika.

Na virusi je? Tukilinganisha tatu, tunaona ukubwa una maana. T4 iko na herufi karibu 169 000, basi inabeba uvsX yake, inayofanya kazi kama recA. Lambda, yenye herufi 48 502, inabeba int ya kuingilia. Lakini CTX iko na herufi karibu 7 000 tu, haina jeni ya namna hiyo hata moja. Inafanyaje? Mwaka 2002 ilijulikana kwamba inatumia XerC na XerD za bakteria! Ni sawa na mgeni anayefika mikono mitupu, analima na jembe la mwenye shamba. (Sisi tulicheka darasani, lakini ni hatari.)

Tena kuna jambo la dawa. Siprofloksasini inavunja ADN ya bakteria. RecA inashika ADN iliyovunjika, kizuizi kinachoitwa LexA kinakatika, na CTX iliyolala inaamka, inazaa virusi nyingine. Katika maabara, mwaka 2004, ilionekana pia kwamba kwa njia hiyo kipande SXT, chenye jeni za kushinda dawa, kinahamia bakteria nyingine kwa wingi. Basi wanaomeza vidonge viwili vitatu vya sokoni kila tumbo likiuma, wafikiri. Mgonjwa wa kolera anahitaji kwanza maji yenye chumvi na sukari, upesi. Antibiotiki ni mganga wa hospitali atakayeamua.

Mchoro wa XerC na XerD uko ubaoni darasa la sita. Wa darasa la tano waje kuunakili Jumamosi kisha usafi, mbele haujafutwa.