Simama Saiti Siku ya Zege

Kazi yangu ni kukagua nyumba, na mara nyingi naitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Nyumba yangu mwenyewe, pembezoni mwa Dar es Salaam, ilinichukua miaka tisa. Kwa hiyo wanaoniuliza kwa uchungu nawaelewa, na hata wanaouliza kwa hasira. Haya ni maswali matano yanayonirudia mara kwa mara.

Boma letu halina paa, huu mwaka wa nne. Jirani anasema limeshaoza, tubomoe tuanze upya. Ni kweli?

Jirani huyo hakununua hata tofali moja la hapo. Boma la bloku za saruji haliozi, liwe limenyeshewa masika nne na vuli nne. Pandeni ngazi mkaangalie juu. Kozi ya mwisho ndiyo inayoteseka, kwa sababu maji hutuama pale na udongo wa kuunganishia hulainika. Gongeni kila tofali kwa nyundo. Linalocheza litolewe lijengwe upya. Mti ulioota kwenye ufa ung'olewe na mzizi wake, maana ukiukata tu utarudi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nondo za nguzo zilizoachwa zimechomoza. Kutu ya juu juu, ile inayobaki kidoleni ukigusa, si tatizo. Kama inabanduka magamba na nondo imeanza kukonda, huo ugonjwa mwingine, na anayestahili kuamua ni mhandisi, si fundi anayetaka kazi iendelee. Zile ambazo bado nzima zisugueni kwa brashi ya waya, mzipake uji mzito wa saruji, zisubiri pesa zenu.

Kukwama kuna faida moja ambayo watu hawaisemi. Kifusi mlichojaza ndani ya msingi kimepigwa na mvua misimu yote hiyo, kimetulia. Anayemwaga jamvi wiki moja baada ya kujaza kifusi bila kushindilia ndiye anayekuja kuniuliza kwa nini sakafu ya sebuleni imebonyea katikati.

Kama boma ni la tofali mbichi za udongo, hapo jirani ana hoja. Ezekeni haraka, hata kwa bati za kuazima.

Mimi nafanya kazi Muscat, kaka yangu ndiye anayesimamia. Pesa natuma kila mwezi lakini nyumba haisogei. Nitajuaje kama naibiwa?

Kabla hujamlaumu kaka, niambie nyumba iko hatua gani. Kama ni msingi, inawezekana hajala hata senti. Msingi unameza pesa na hauna picha ya kumwonyesha mtu: unatumwa picha ya mashimo, mwezi unaofuata mashimo yaleyale yana mawe. Kiwanja kikiwa na mteremko, upande wa bondeni utapanda kozi nyingi kabla hujafikia usawa wa upande wa juu. Familia nyingi nimeziona zikigombana hapo, na baadaye nikipima nakuta kila mfuko ulikwenda ardhini kihalali.

Hata hivyo, kaka yako asiwe mnunuzi, mhasibu na msimamizi kwa pamoja. Si kwamba ni mwizi. Mtu mmoja akishika vyote hana wa kumsahihisha. Muuza vifaa mlipe wewe moja kwa moja, kaka apokee mzigo na kuandika daftari. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika. Ukimlipa kwa siku, siku zitakuwa nyingi.

Wizi mkubwa haupo kwenye idadi ya mifuko, upo kwenye kile kitakachofunikwa. Tofali utaliona miaka yote; nondo iliyo ndani ya zege hutaiona tena. Ndiyo maana nasema siku za kusimama saiti, au kudai video ukiwa mbali, ni tatu tu: siku nondo za msingi zimefungwa na zege halijamwagwa, siku ya lenta, na siku kenchi zimesimama kabla ya bati. Mwambie kaka atandaze futi kamba juu ya nondo, apige video polepole toka kona hadi kona. Utaona umbali wa ringi, utaona kama nondo ni za milimita 12 zilizoandikwa kwenye ramani au zimegeuka 10. Uangalie pia kama zimeinuliwa kwa vipande vya zege au zimelazwa kwenye udongo, zikisubiri kutu.

Siku hiyohiyo ya zege, sikiliza mgao. Kwa zege la kawaida la nyumba ya chini mafundi hutumia moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Kipimo kiwe ndoo au kisanduku, si koleo, maana koleo la asubuhi na la saa tisa mchana, mtu akiwa na njaa, halilingani. Halafu maji. Zege jepesi kama uji linamfurahisha saidia fundi kwa sababu halimchoshi, lakini maji yaliyozidi yakitoka huacha matundu. Na likishashika, limwagiliwe siku saba. Zege halipati nguvu kwa kuanikwa juani, linapata kwa kulowana.

Kuhusu tofali: mfyatuaji akikuambia mfuko wa kilo 50 umetoa zaidi ya tofali 40 za inchi 6, umenunua mchanga. Likwaruze kwa msumari. Likimomonyoka kama sukari guru, lirudi lilikotoka.

Ukuta mpya una nyufa. Nianze kuogopa lini?

Nyufa nyembamba kama nywele, zilizosambaa kama utando kwenye plasta, ni za plasta kukauka haraka. Zinakera macho tu. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari ukifuata ngazi za tofali ni habari nyingine: ama msingi umezama upande mmoja, hasa kwenye mfinyanzi mweusi unaovimba mvuani na kupasuka kiangazi, ama lenta ni fupi. Lenta ilale juu ya ukuta walau sentimita 20 kila upande wa dirisha. Weka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe. Ukivuka alama baada ya masika, ita mhandisi. Usizibe kwanza; ukiziba utakuwa umeficha ushahidi.

Hati iandikwe jina la nani?

Yenu wote wawili, mke na mume, mkiweza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake hata kama jina ni moja, lakini majina mawili yanapunguza safari za mahakamani.

Kodi inatumaliza na nyumba haijaisha. Tuhamie hivyohivyo?

Hamieni, mama. Paa lisilovuja, choo kinachofanya kazi, maji, na mlango mmoja wa kufungwa kwa ufunguo: vikiwepo hivyo, nyumba ni nyumba. Kama mtatumia kisima, shimo la choo likae walau mita 30 mbali nacho. Waya za umeme zipite ukutani kabla ya plasta, na azipitishe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Vigae, dari za urembo na rangi vingoje.

Ila malizeni chumba kimoja kabisa, plasta, sakafu, dari na mlango, mlale humo wote, kwa sababu vumbi la ujenzi na kifua cha mtoto havipatani. Sisi tulilala watano chumba kimoja miezi saba. Wiki ya kwanza tu mke wangu aligundua kwamba swichi ya sebuleni, niliyoichora mwenyewe kwenye ramani, ingekuwa nyuma ya mlango. Plasta ya sebuleni ilikuwa bado, tukaihamisha swichi kwa patasi na nusu saa ya kazi.