Kazi ya ng'ambo: nani anamlipia nani?



Somo letu la toleo hili limetokana na simu. Mama mmoja wa kikundi chetu cha Jumatano alipigiwa na mtoto wa kaka yake aliyeko Rumonge. Kijana alisema kwa furaha, "Shangazi, nimepata kazi Uarabuni, udereva wa nyumbani. Bosi mwenyewe ananidhamini viza. Imebaki pesa ya wakala tu." Hiyo pesa ya wakala ilikuwa itoke kwenye shamba la michikichi lililoachwa na babu, na shangazi naye ana sehemu yake humo. Kijana alitaka asikie neno moja: kubali, tuuze.

Mama hakumjibu siku ile. Alileta swali kwenye kikundi, nasi tulikaa nalo Jumatano tatu. Siku ya kwanza wengine walisema, "Mwache aende, riziki ni popote." Wengine walisema, "Mawakala wote ni wezi." Maneno yote mawili hayakumsaidia mama. Ndipo tukaamua kujifunza jambo lenyewe, kwa kuuliza na kusoma. Tunayaandika tuliyoyapata kwa sababu simu kama ile inaweza kuingia hata kwako.

1. Tusimlaumu anayetaka kwenda

Wengi wetu tunaijua Rumonge: kilomita 70 hivi kusini ya Bujumbura, mji wa mawese, mikeke na ndagala. Tunajua pia kwamba shamba lililomtosha babu halitoshi wajukuu kumi na wawili, na kwamba miaka hii ya karibuni maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za mwambaoni. Kijana anayetazama mbali si mvivu. Wazee wetu nao walivuka kwa mitumbwi kwenda Kigoma na Kalemie kutafuta maisha.

Lakini tunajua pia shamba la Rumonge lina thamani gani. Waliokimbia mwaka 1972 waliporudi, wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilisikiliza kesi nyingi sana za Rumonge na Nyanza-Lac. Kuna jamaa walihangaika miaka mingi ili warudishiwe michikichi yao. Kwa hiyo mtu akisema "tuuze ili kijana aende", anaomba kitu ambacho huenda familia isikipate tena. Ndiyo sababu inafaa kuuliza maswali kabla ya kusema ndiyo.

2. Maana ya kudhaminiwa na mwajiri

Neno hili linasemwa kila mahali, na wachache wanalielewa. Kudhaminiwa viza ya kazi maana yake ni kwamba mwajiri wa nchi ile anakwenda mbele ya serikali yake na kusema: ninamhitaji mtu huyu, kwa kazi hii, kwa mshahara huu, nami nitawajibika. Serikali ikikubali, ndipo viza inaombwa kwa jina la mfanyakazi.

Tazameni utaratibu. Nchini Kanada, kwa kazi nyingi, mwajiri kwanza huomba kibali cha serikali kinachoonyesha kwamba kumleta mgeni hakutawaumiza wafanyakazi wa pale. Uingereza, mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini, na majina ya wenye leseni yamo katika orodha ya serikali ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kisha mwajiri hutoa cheti cha udhamini chenye namba yake. Saudia, mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani huandikishwa katika mfumo wa serikali uitwao Musaned.

Kwa hiyo kazi ya kweli huacha alama: jina la mwajiri, kibali, mkataba, namba. Na alama hizo hutangulia safari. Wakala akisema "panda ndege kwanza, karatasi utazikuta", amegeuza mambo kichwa chini.

3. Fedha inatoka upande gani?

Hapa ndipo kikundi chetu kilipofunguka macho. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 unaohusu mawakala binafsi wa ajira. Kanuni yake ni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Anayehitaji mfanyakazi ndiye anayelipa. Kanada kwa kawaida humtoza mwajiri dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi anapoomba kile kibali tulichokitaja, na hairuhusiwi kumrudishia mfanyakazi mzigo huo.

Si nchi zote zimeukubali mkataba huo, na mfanyakazi naye ana gharama zake ndogo: paspoti, picha, pengine cheti cha shule au cha udereva. Hizo hulipwa kwenye ofisi yenyewe, na mtu hupewa risiti yenye jina lake. Lakini pesa ya "kununua viza" au ya "kumshukuru bosi" inayopelekwa kwa simu ya mtu binafsi ni jambo jingine kabisa. Kama bosi anakuhitaji kweli, mbona wewe ndiye unayemlipia?

Na ubaya wa deni hauishii nyumbani. Aliyeuza shamba au kukopa ili afike, akikuta mshahara ni nusu ya ule alioahidiwa, anaogopa kuondoka. Anavumilia mateso kwa sababu deni linamngoja Rumonge.

4. Njia ya Uarabuni

Kwa miaka mingi mabinti wa Burundi walipelekwa Oman, Kuwait na Saudia kwa siri, mara nyingi kwa kupitishwa nchi jirani. Baadhi walinyang'anywa paspoti na simu, wakafanya kazi bila kupumzika. Oktoba 2021 serikali ya Burundi na ya Saudia zilitia saini makubaliano kuhusu wafanyakazi, wakiwemo wa nyumbani. Tangu hapo iko njia ya halali, inayopitia wakala mwenye kibali cha serikali. Basi mtu wa Rumonge akiambiwa avuke mpaka usiku akapandie ndege nchi jirani, na aulize: kama njia ya halali ipo, huyu ananificha nini?

Hata hivyo, njia ya halali si bima ya kila kitu. Katika nchi za Ghuba kibali cha kukaa hufungwa na mwajiri. Huu ndio mfumo unaoitwa kafala. Ukimwacha mwajiri bila utaratibu unaweza kushtakiwa kwamba umetoroka. Yamekuwapo mabadiliko. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la ruhusa ya mwajiri kwa anayetaka kubadili kazi, na tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, hata kwa wafanyakazi wa nyumbani. Saudia nayo ililegeza masharti Machi 2021, lakini mabadiliko yale hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Na dereva wa nyumbani, kama kazi aliyoahidiwa kijana wetu, anahesabiwa miongoni mwao.

Kwa hiyo anayekwenda na awe na mkataba kwa lugha anayoisoma, unaotaja kazi, mshahara, siku ya kupumzika na nani anayelipa nauli ya kurudi. Aache nakala kwa familia, pamoja na nakala ya paspoti na anwani ya mwajiri. Mkataba wa kimataifa namba 189 wa mwaka 2011 nao unasema mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda nchi nyingine apate mkataba au barua ya kazi iliyoandikwa kabla ya kuvuka mpaka.

5. Viza ya kutembea si viza ya kazi

Ujanja mwingine ni kumsafirisha mtu kwa viza ya matembezi na kumwambia itageuzwa akifika. Mara nyingi haigeuzwi, naye anabaki bila haki mikononi mwa aliyemleta.

Ujanja mwingine tena ni kuuza mlango uliokwisha kufungwa. Uingereza iliruhusu waajiri kuleta watunza wazee na wagonjwa kutoka ng'ambo tangu Februari 2022. Watu wengi wa Afrika walipata kazi kweli, na wengine walilipa pesa nyingi wakafika wakakuta hakuna kazi. Tarehe 22 Julai 2025 serikali iliacha kupokea maombi mapya ya kazi hizo kutoka nje ya nchi. Anayekuuzia leo viza ya namna ile ukiwa huku anakuuzia hewa.

6. Na sisi tulio makazini?

Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Wapo vijana wetu wanaoshauriwa warudi Burundi kimya kimya, wachukue paspoti, kisha wasafiri. Kwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kuchukua kwa hiari paspoti ya nchi uliyoikimbia kunaweza kuhesabiwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wake, na hadhi yako ya ukimbizi ikakoma. Mtu anaweza kukosa kazi kule na kukosa makazi huku.

Mkataba huohuo unatupa njia nyingine: hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotolewa na nchi inayokuhifadhi. Nchi iliyoitoa inapaswa kumpokea mwenye hati akirudi ndani ya muda wake. Waulizeni maofisa wa serikali wanaoshughulikia wakimbizi utaratibu wa kuiomba.

Zimekuwapo pia njia za kazi zilizotengenezwa kwa ajili ya wakimbizi. Kanada ilianza mpango wa majaribio mwaka 2018 kwa wenye ujuzi, na Uingereza mwaka 2021. Shirika la Talent Beyond Boundaries, lililoanza mwaka 2016, huandikisha ujuzi wa wakimbizi na kuwatafutia waajiri, wala halimtozi mkimbizi. Mipango ya namna hii hufunguliwa na kufungwa, tena hutaka vyeti, uzoefu na Kiingereza au Kifaransa. Kwa hiyo muuguzi, fundi umeme au mhasibu aliye kati yetu ahifadhi vyeti vyake vizuri na ajifunze lugha sasa. Na tukumbuke: huduma za UNHCR hazilipiwi. Anayeomba pesa kwa jina lao, aripotiwe.

7. Shangazi alijibu nini

Jumatano ya tatu mama alimpigia kijana mbele yetu. Hakumkataza. Alimwambia, "Mwanangu, muulize huyo wakala mambo manne. Jina la mwajiri ni nani? Kibali cha wakala kiko wapi? Mkataba wenye jina lako uko wapi? Na pesa hii ni ya nini, utapewa risiti ya nani?"

Kijana alikasirika. Alisema sisi wa makazini tumezoea kuogopa. Baada ya siku nne alipiga tena, sauti imeshuka. Wakala alikuwa amemjibu kwamba mkataba hutolewa uwanja wa ndege, na kwamba wanaouliza sana hupoteza nafasi. Siku mbili baadaye simu ya wakala haikupatikana.

Shamba halijauzwa. Kijana bado anataka kwenda, nasi hatumlaumu. Ameanza kushughulikia paspoti yake mwenyewe na leseni ya udereva. Shangazi amemwahidi hivi: "Siku utakayoniletea mkataba wenye jina lako, nauli ya kwenda Bujumbura nitakutafutia mimi."

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika familia yako, ni nani anayepaswa kuulizwa kabla shamba halijauzwa kwa ajili ya safari? Je, mabinti na walio mbali huulizwa?
2. Kwa nini deni humfanya mtu avumilie mateso akiwa ng'ambo?
3. Taja alama tatu za kazi ya kweli na alama tatu za udanganyifu.
4. Mkimbizi anayeshauriwa kuchukua paspoti kwa siri anaweza kupoteza nini?
5. Aliyekwisha kudanganywa huona aibu kusema. Kikundi chako kitampokeaje ili wengine wapone?

Tunawaomba mlio na uzoefu wa njia hizi, mliofaulu na mlioumia, mlete habari zenu kwenye kikundi. Majina hatutayaandika.