Bingwa wa Kweli ni Nani?

Leo tuanze na ubishi. Timu ya mtaani kwenu imecheza na timu ya mtaa wa pili kugombea mbuzi. Mmeshinda, mbuzi amechinjwa, supu imenyweka. Kesho yake mnajiita "mabingwa wa dunia". Jirani anacheka. Je, ana haki ya kucheka? Na kama nyinyi si mabingwa wa dunia, huyo anayeitwa hivyo amelipataje jina hilo?

Swali linaonekana la utani, lakini lina uzito. Shule zinapojiandaa kwa UMISSETA, wapo vijana wanaonyang'anywa nafasi yao ya haki kwa sababu ya kombe. Wapo pia wanaoshawishika kuhatarisha afya zao. Kwa hiyo tujifunze: ni kitu gani kinafanya shindano liwe la kweli?

KUCHEZA NA KUSHINDANA

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, mchezo, kwa mambo mengi. Rede ni mchezo, bao ni mchezo, soka ni mchezo. Kujifurahisha tu hakuhitaji refa. Lakini mkitaka kujua nani zaidi, lazima mkubaliane kanuni kabla ya kuanza. Waangalie wazee wanaocheza bao. Hawana jezi wala filimbi. Wana mashimo 32, kete 64, na kanuni ambazo wote wanazijua. Ukijaribu ujanja, hata watazamaji watakukemea. Hao wanashindana kweli.

Sasa chukua vijana wanaoshindana nani atamaliza chupa nyingi za bia. Mshindi atapatikana, ndiyo. Lakini pale hakuna ustadi wala mazoezi yanayopimwa. Kinachopimwa ni sumu kiasi gani mwili utavumilia, na mshindi anaweza kuishia hospitali. Hayo si michezo, jamani.

SHARTI LA KWANZA: MLANGO UWE WAZI

Marekani kuna fainali ya besiboli inayoitwa World Series, yaani "mfululizo wa dunia". Ilianza mwaka 1903. Ligi hiyo ina wachezaji hodari kutoka nchi nyingi, lakini timu zote ni za Marekani, isipokuwa moja ya Toronto, Kanada. Japani na Kuba wanacheza besiboli vizuri sana, ila timu zao haziruhusiwi kuingia. Jina ni kubwa, mlango ni mdogo.

Hata Kombe la Dunia la soka halikuwa la dunia nzima siku zote. Mwaka 1966 kulikuwa na nafasi 16, na Afrika haikuwa na hata moja ya uhakika. Bingwa wa Afrika alitakiwa kwanza apambane na bingwa wa Asia. Nchi za Afrika zikagoma. Mgomo ule ukazaa matunda: mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi moja kamili, na Moroko ikaenda Mexico. Kwa mashindano ya 2026 Afrika ilitengewa nafasi 9 za moja kwa moja.

Na nyinyi dada zetu, sikieni hili. Wanaume walianza kukimbia marathoni ya Olimpiki mwaka 1896. Wanawake waliruhusiwa mwaka 1984, kule Los Angeles. Kwa miaka 88 bingwa wa marathoni ya Olimpiki alikuwa bingwa wa nusu ya binadamu tu!

SHARTI LA PILI: KIPIMO KIMOJA

Marathoni ni kilometa 42.195, iwe Dodoma au Tokyo. Lakini kipimo bila mwamuzi anayeaminiwa na pande zote hakitoshi. Angalia ngumi za kulipwa. Kuna vyama vinne vikubwa, na kila kimoja kina mkanda wake. Matokeo yake, uzito mmoja unaweza kuwa na "mabingwa wa dunia" wanne kwa wakati mmoja, achilia mbali mikanda ya vyama vidogo. Ndiyo maana mwezi Mei 2024, Oleksandr Usyk wa Ukraine alipomshinda Tyson Fury na kukusanya mikanda yote minne ya uzito wa juu, mashabiki walisema: sasa tunaye mmoja. Kwa hiyo ukisikia mtu ni bingwa wa dunia, uliza: amepewa na nani, na aliwashinda akina nani?

SHARTI LA TATU: MWILI USIODANGANYA

Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, Ben Johnson wa Kanada alishinda meta 100 kwa sekunde 9.79. Dunia nzima ikashangaa. Siku tatu baadaye akanyang'anywa medali. Kipimo cha mkojo kilionyesha alitumia dawa ya kujenga misuli.

Kwa kijana, tatizo haliishii kwenye kunyang'anywa medali. Dawa za namna hii zinaweza kuharibu ini na moyo. Zinaweza kusimamisha urefu wako kabla ya wakati. Kwa mvulana, korodani husinyaa na mbegu hupungua. Kwa msichana, hedhi huvurugika, na sauti inaweza kuwa nzito moja kwa moja. Vidonge vya kuondoa uchovu navyo ni hatari: mwili umechoka na umepata joto kupita kiasi, lakini wewe husikii, unaendelea kukimbia mpaka unaanguka. Na mkichangia sindano, mnaweza kuambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

KUTOKA DODOMA NA SINGIDA

Huku kwetu katikati ya nchi tuna mifano mizuri. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda New York Marathon mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mwaka mmoja kabla yake, kule Boston, alikuwa wa pili nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Hizo ni mbio kubwa mno, zenye wakimbiaji wakali. Hata hivyo, aliyeshinda New York ni bingwa wa New York. Hapo nchi hazileti timu za taifa.

Sasa njoo kwa Alphonce Simbu, mtoto wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025 alikimbia marathoni ya Mashindano ya Riadha ya Dunia mjini Tokyo. Mpime kwa masharti yetu. Mlango: kila nchi mwanachama ingeweza kuleta wakimbiaji waliofikia viwango, kwa kawaida wasiozidi watatu. Kipimo: Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walifika pamoja, wote kwa saa 2:09:48. Hakuna aliyepiga kura wala kubishana. Picha ya mstari wa mwisho ilitazamwa, na ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Kupepesa jicho ni kurefu kuliko hapo! Mwili: wakimbiaji wa ngazi hiyo hupimwa dawa, hata nyumbani nje ya mashindano. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, yaliyoanza Helsinki mwaka 1983.

Simbu hakuibuka siku moja. Alipata shaba kwenye mashindano hayo hayo mwaka 2017. Kati ya medali hizo mbili ipo miaka minane ya mazoezi, na mbio nyingine nyingi alizokimbia bila kushinda.

NA SHULENI KWAKO?

Mashindano ya shule yana mlango wake pia: mshindani awe mwanafunzi halali, mwenye umri unaotakiwa. Kocha akileta kijeba aliyepunguza umri, au mamluki asiyesoma pale, kuna mwanafunzi halisi anayebaki benchi. Pengine ndiye Simbu wa kesho, na hatujamwona. Halafu mtoto wa miaka 15 anayegongana na mtu mzima uwanjani anaweza kuvunjika mguu.

Ukiyaona hayo, usinyamaze. Mwambie mwalimu wa michezo au mzazi unayemwamini. Ukipewa kidonge "cha nguvu" usichokijua, kikatae, na uulize kituo cha afya. Nguvu yako itafute kwenye mazoezi ya kila siku, usingizi wa kutosha, maji safi, na chakula kinachopatikana hapa hapa: ugali wa uwele au mtama, mlenda, maharage, karanga, na yai ukilipata.

JADILIANENI DARASANI

1. Je, mchezo wa bao uingizwe kwenye UMISSETA? Toeni sababu za kila upande.
2. Shule yenu ikishinda kwa kutumia mamluki, nani amepoteza nini?
3. Taja shindano moja linalofanyika mkoani kwenu. Lipimeni kwa masharti matatu tuliyojifunza. Limekosa lipi, na linaweza kurekebishwaje?