Kitabu na Maisha katika Kujifunza Lugha: Mfano wa Kijerumani

Aghalabu husemwa kwamba mtu akiishi ugenini, lugha humwingia yenyewe. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Wako wageni wanaokaa Ujerumani miaka mingi wasivuke salamu na maneno ya dukani. Wako pia wasomao gazeti vizuri lakini wakashindwa kuomba mkate. Kitabu na maisha havina budi kwenda pamoja, kwa kuwa kila kimoja hufichua kile ambacho kingine hukificha.

1. Maisha hufichua nini?

Dukani bei huandikwa kwa tarakimu: 24. Macho huielewa mara moja. Lakini muuzaji hutamka vierundzwanzig, yaani “nne na ishirini”. Mgeni aliyezoea kusema ishirini na nne huandika 42. Tarakimu zilizochapwa hazimwonyeshi mpangilio huo. Sikio lake halina budi kuzoezwa na watu.

2. Kitabu hufichua nini?

Kila nomino ya Kijerumani ina jinsia moja kati ya tatu, nayo hutambulishwa na neno dogo linaloitangulia: der Käse, jibini, die Milch, maziwa, das Brot, mkate. Kibandiko cha bei huandika Brot tu, na katika usemi wa haraka neno dogo halisikiki vema. Katika ukurasa wa kitabu lipo wazi, tena na tena.

Vitenzi navyo ni hivyo hivyo. Kitenzi abfahren, kuondoka, hukatika vipande viwili: Der Zug fährt um acht Uhr ab, “Treni huondoka saa mbili asubuhi”. Kipande ab hutupwa mwisho. Msikilizaji hukikosa, msomaji aweza kurudi nyuma akakitazama.

Kwa hiyo inafaa kuchagua kitabu kinachogusa maisha ya msomaji. Kitabu cha watoto cha Erich Kästner, Emil und die Detektive, kilichotolewa mwaka 1929, husimulia safari ya mtoto kwa treni kwenda Berlin. Aliyekwisha kusimama stesheni akasoma neno Abfahrt kwenye ratiba ya manjano hulikuta neno la treni kitabuni kama mtu anayemfahamu.

3. Funzo kwa darasa letu

Mtoto asiyesema Kiswahili nyumbani ni mgeni katika darasa lake. Mwalimu akibandika kadi yenye neno “kikombe” juu ya kikombe, amefanya vema, lakini kadi hiyo haionyeshi ngeli. Mtoto aweza kusoma kadi zote ukutani, kisha akakaa kimya mwaka mzima kwa kukosa sentensi. Basi fuata hatua hizi:

(a) Weka duka dogo darasani, watoto waulize na kujibu: “Kikombe hiki ni bei gani?”
(b) Wape habari fupi yenye maneno yale yale: “Kikombe changu kimevunjika.”
(c) Warudishe dukani watumie sentensi walizosoma.

Usiruke hatua ya tatu, kwani hapo ndipo lugha inapokuwa mali ya mtoto.

Zoezi

1. Chagua maneno matano ya jikoni. Taja jambo ambalo kadi haiwezi kulifundisha kuhusu kila neno.
2. Andika habari ya sentensi sita kwa Darasa la Pili ukitumia maneno hayo, kisha ijaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha.