Kifafa na Hisabati: Mlinganyo Unavyoeleza Msukosuko wa Ubongo

Katika mwambao wa Ziwa Viktoria, kuanzia Mwanza hadi Sengerema na Ukerewe, maisha ya watu wengi hutegemea maji na moto. Mvuvi hukesha mtumbwini. Mama hupika kwenye mafiga. Kwa mtu mwenye kifafa, mahali pote pawili pana hatari: akianguka majini huweza kuzama, na akianguka motoni huweza kuungua. Hatari huzidi pale ambapo walio karibu wanaogopa kumgusa, kwa kuamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Imani hiyo si ya kweli. Kifafa hakiambukizi. Ni matokeo ya msukosuko wa umeme wa ubongo, na msingi wa msukosuko huo unaweza kuelezwa kwa hisabati ya shule ya sekondari.

UMEME WA CHEMBE MOJA

Ubongo wa binadamu una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Chembe iliyotulia huwa na tofauti ya umeme ya milivolti 70 hivi baina ya ndani na nje, upande wa ndani ukiwa hasi. Ikichochewa vya kutosha, milango midogo katika utando wake hufunguka, ayoni za sodiamu huingia, na msukumo wa umeme husafiri hadi chembe nyingine. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza, waliochunguza neva nene ya ngisi, walieleza jambo hilo kwa milinganyo. Mwaka 1963 walipata Tuzo ya Nobel.

Baadhi ya chembe huchochea jirani zake, na nyingine huzizuia. Uzima wa ubongo hutegemea uwiano wa makundi hayo mawili.

CHEMBE ZINAPOPIGA PAMOJA

Wakulima wa Kisukuma wanaocheza bugobogobo huinua majembe kwa pigo moja la ngoma. Huko, kwenda pamoja ndio uzuri wa mchezo. Katika ubongo ni kinyume: chembe nyingi mno zikipiga kwa pigo moja, kazi ya kawaida huvurugika.

Mwaka 1929 Hans Berger wa Ujerumani alitangaza njia ya kupima umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya kichwa. Mtu mzima aliyetulia na kufumba macho huonyesha mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde. Iko aina ya kifafa cha watoto ambayo mtoto haanguki, bali huzubaa kwa sekunde chache tu. Kipimo chake huonyesha mawimbi makubwa yapatayo 3 kwa sekunde. Mwalimu asiyeijua aina hii huweza kumwadhibu mtoto mgonjwa akidhani ni mzembe.

Kwa nini mawimbi hayo ni makubwa? Tuchukue chembe 10,000, kila moja ikitoa wimbi lenye kimo cha 1. Zikipiga ovyo ovyo, mawimbi hupunguzana, na kimo cha jumla hukaribia kipeuo cha pili cha 10,000, yaani 100. Zikipiga pamoja, kimo huwa 10,000. Idadi ya chembe haikubadilika, lakini wimbi limekua mara 100.

KIELELEZO CHEPESI

Mwaka 1972 Hugh Wilson na Jack Cowan walitunga milinganyo ya makundi mazima ya chembe, zile zinazochochea na zile zinazozuia. Hapa tutatumia kielelezo chepesi zaidi. Tuseme x ni sehemu ya chembe za kundi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kuanzia 0 hadi 1. Na a ni kizingiti. Kila hatua:

x mpya = x + x(1 – x)(x – a)

Tuchukue a = 0.3. Tukianza na x = 0.2, hatua tatu zinazofuata hutoa 0.184, kisha 0.167, kisha 0.148: msukosuko unafifia. Tukianza na x = 0.4, tunapata 0.424, kisha 0.454, kisha 0.493: msukosuko unakua, na kila ongezeko ni kubwa kuliko lililotangulia.

Mtumbwi hufanya vivyo hivyo. Ukiinama kidogo hurudi wenyewe. Ukipita kiasi fulani hupinduka. Kiasi hicho ndicho kizingiti. Hakuna ubongo usio na kizingiti, na ndiyo maana hata mtu asiye na kifafa huweza kupatwa na mtukutiko akiwa na homa kali utotoni. Malaria iliyofika ubongoni, majeraha ya kichwa na matatizo wakati wa kuzaliwa huweza kuacha athari zinazokishusha kizingiti.

DAWA NDANI YA MLINGANYO

Fenobabitoni, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, huongeza nguvu ya uzuiaji baina ya chembe. Katika kielelezo chetu, ni kukipandisha kizingiti. Tuweke a = 0.5 na tuanze tena na x = 0.4. Safari hii tunapata 0.376, kisha 0.347. Msukosuko uleule uliokuwa ukikua sasa unafifia. Hapo pia inaonekana kwa nini mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa ghafla baada ya kupata nafuu: kizingiti hushuka tena.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yafaayo. Katika nchi maskini, wengi hawayapati. Hapa Tanzania, Dkt. Louise Jilek-Aall aliwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge katika miaka ya 1960. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ni Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971.

MIPAKA YA KIELELEZO

Mlinganyo wetu hauelezi kwa nini shambulio hukoma lenyewe, wala hautoi mawimbi. Kielelezo kilichotangazwa mwaka 2014 na Viktor Jirsa na wenzake kina vigeu vitano. Kimojawapo hubadilika polepole sana, na ndicho kinachouingiza ubongo katika shambulio na kuutoa.

LA KUFANYA SHULENI

Mwanafunzi akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, legeza ukosi, na utazame saa. Usimtie kitu mdomoni wala usimkandamize. Ikipita dakika 5 bila kukoma, apelekwe hospitali.

MAZOEZI

1. Kwa a = 0.3, anza na x = 0.3. Nini hutokea, na kwa nini?

2. Kwa a = 0.3, kokotoa hatua tano ukianza na 0.25, kisha 0.35. Chora grafu zote mbili kwenye karatasi moja.

3. Chembe 2,500 zikipiga pamoja, kimo cha wimbi ni mara ngapi ya kile cha kupiga ovyo?