Kompyuta ya mtumba: i7 au i5?

SWALI: Binti yangu anaanza chuo mwezi ujao. Kariakoo nimeonyeshwa kompyuta mpakato ya mtumba, Core i7, kwa bei nafuu. Muuzaji anasema i7 ndiyo kiboko. Ninunue?

JIBU: Usilipe kwanza, mama. Hiyo i7 peke yake haisemi kitu; uliza ni ya kizazi cha ngapi. Tazama namba inayofuata: i7-4600U ni kizazi cha 4, i5-8250U ni cha 8. Kwa mashine za Intel, Windows 11 kwa kawaida huanzia kizazi cha 8, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Basi kati ya hizo mbili za mfano, mimi ningechukua i5 ya kizazi cha 8, hata muuzaji apige domo vipi.

Betri nayo. Chomoeni chaja palepale dukani, binti afungue video, mkae robo saa mkiangalia asilimia zinavyoshuka. Ikizima ghafla, iacheni. RAM iwe GB 8, diski iwe SSD; kwa kuandika na kusoma inatosha, labda awe anasomea usanifu majengo.

Mwisho, dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti. Akikataa kuandika, nenda duka la pili.